Mzigo, Posho na Wati: Historia ya Ufanisi wa Nishati kutoka Njia ya Misafara ya Tabora hadi Vichakataji vya ARM

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya vichakataji vya ARM, ambavyo leo huendesha karibu simu janja zote duniani na idadi inayoongezeka ya kompyuta mpakato. Historia hiyo inatazamwa kutoka Tabora, mji uliokuwa kitovu cha njia ya kati ya misafara katika karne ya 19. Hoja kuu ni kwamba ufanisi wa chombo chochote kinachobeba nishati yake chenyewe haupimwi kwa kasi yake ya juu kabisa, bali kwa kazi kinachoweza kuifanya katika sehemu ngumu zaidi ya safari. Wapagazi wa Kinyamwezi walilijua jambo hilo walipovuka Mgunda Mkali. Wasanifu wa ARM walilifikia kwa njia nyingine, kupitia uhaba wa fedha na wa watu. Makala yanaonesha jinsi kanuni hiyo ilivyoongoza usanifu wa vichakataji vya michoro, na kwa nini faida yake haijawafikia kwa usawa watumiaji wa maeneo yenye umeme haba.

1.0 Utangulizi

Historia ya teknolojia ya kompyuta kwa kawaida huandikwa kama historia ya kasi. Kila kizazi cha mashine husifiwa kwa kuwa chepesi kuliko kilichotangulia, na takwimu inayotangazwa ni ile ya juu kabisa. Mtazamo huo una manufaa pale ambapo umeme hutoka ukutani bila kukatika. Kwa chombo kinachotembea na betri yake, swali la kwanza ni jingine: kiasi fulani cha nishati kinaweza kufanya kazi kiasi gani kabla hakijaisha?

Swali hilo si geni Tanzania ya magharibi. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, biashara ya njia ya kati kati ya pwani na maziwa makuu ilisafiri kwa sehemu kubwa juu ya mabega na vichwa vya watu. Mbung'o waliwaua farasi na punda, na magari ya kukokotwa hayakuwa na barabara. Kwa hiyo, uchumi mzima wa njia hiyo ulitegemea hesabu moja: uzito unaobebwa, chakula kinacholiwa, na umbali uliobaki.

Ulinganisho unaofanywa hapa una mpaka wake. Mpagazi alikuwa binadamu mwenye haki, matakwa na uwezo wa kukataa. Kichakataji ni kipande cha silikoni. Kinacholinganishwa ni kanuni ya nishati, si hadhi ya anayeibeba.

2.0 Hesabu ya Msafara

Mzigo wa kawaida wa mpagazi katika njia ya kati ulikuwa na uzito wa takriban frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, bila kuhesabu mkeka, chungu na silaha yake mwenyewe. Posho yake ya siku ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka, takriban gramu 700. Hesabu rahisi inaonesha tatizo. Mpagazi ambaye angebeba chakula chake tu, bila kitambaa, ushanga wala waya, angekimaliza chote kwa siku 45 hivi. Safari ya kutoka pwani hadi Tabora ilichukua muda mrefu kuliko huo. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 na kufika Kazeh, eneo la Tabora ya sasa, Novemba mwaka huo.

Ni wazi, basi, kwamba hakuna msafara ulioweza kubeba nishati yake yote. Ulitegemea kununua chakula njiani, na kwa sababu hiyo vijiji vilivyouza mtama vilikuwa sehemu ya chombo cha usafiri sawa na wapagazi wenyewe. Hongo iliyolipwa kwa watawala wa Ugogo ilikuwa pia gharama ya kuyafikia maji na nafaka.

Mpango huo ulivunjika katika eneo moja. Kati ya Ugogo na Unyanyembe palikuwa na Mgunda Mkali, nyika ya vichaka na miiba yenye maji machache, ambayo sehemu yake kubwa iko leo katika maeneo ya Manyoni na Itigi. Hapo misafara ililazimika kubeba chakula cha siku kadhaa na mara nyingine kufanya terekeza, neno ambalo wasafiri wa Kizungu waliliandika tirikeza. Katika terekeza, msafara uliondoka baada ya jua la mchana kuanza kupungua ukiwa na maji kwenye vibuyu, ukalala mahali pasipo na maji, na kuyafikia maji mapya asubuhi iliyofuata.

Umuhimu wa Mgunda Mkali kwa hoja ya makala haya ni huu: msafara haukupangwa kwa wastani wa njia nzima. Idadi ya watu, uzito wa mizigo na siku ya kuondoka vilitazamwa kwa kuzingatia sehemu hiyo moja. Msafara uliokwenda kwa kasi katika nchi yenye vijiji vingi lakini ukashindwa katika nyika haukuwa msafara wenye ufanisi.

Ni muhimu pia kueleza nani alilipa gharama. Utafiti wa Stephen Rockel, uliochapishwa mwaka 2006, umeonesha kwamba wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, wenye mila na heshima ya kazi yao, ingawa njia hiyohiyo ilipitisha watumwa na pembe za ndovu zilizobebwa kwa shuruti. Wapagazi waligomea mizigo iliyozidi, waliidai posho iliyopunguzwa, na wakati mwingine walitoroka. Tajiri aliyetaka kubana matumizi kupita kiasi aliukuta msafara wake umesimama. Kikomo cha ufanisi kiliwekwa na mwili na utashi wa mbebaji.

3.0 Uhaba kama Msanifu: Kuzaliwa kwa ARM

Kichakataji cha kwanza cha ARM kilibuniwa Cambridge, Uingereza, na kampuni ndogo ya Acorn Computers. Acorn ilikuwa imefanikiwa kwa kompyuta ya BBC Micro, iliyotolewa mwaka 1981 na kutumika sana katika shule za Uingereza. Ilipotafuta kichakataji cha mashine itakayofuata, haikuridhika na vilivyokuwepo sokoni. Mwaka 1983 Sophie Wilson alianza kubuni seti ya amri za kichakataji kipya, na Steve Furber akasanifu umbo lake la ndani. Hermann Hauser, mmoja wa waanzilishi wa Acorn, amewahi kueleza kwa mzaha kwamba aliwapa wasanifu hao vitu viwili ambavyo washindani wao hawakuwa navyo: kukosa fedha na kukosa watu.

Mzaha huo una ukweli wa kihistoria. Kwa kuwa timu ilikuwa ndogo, kichakataji kilipaswa kuwa rahisi. Chipu ya kwanza, iliyofanya kazi tarehe 26 Aprili 1985, ilikuwa na transista 25,000 hivi, wakati Intel 80386 ya mwaka huohuo ilikuwa na takriban 275,000. Matumizi madogo ya umeme hayakulengwa kwa ajili ya betri, kwa sababu kompyuta hiyo ilikusudiwa kukaa mezani. Yalitokana na bei: chipu iliyotoa joto kidogo ingeweza kufungwa katika ganda la plastiki badala ya kauri, ambayo ilikuwa ghali. Wasanifu walilenga chini ya wati moja. Kwa kuwa hawakuwa na zana za kukadiria matumizi kwa usahihi, walichukua tahadhari katika kila hatua, na matokeo yakawa takriban sehemu ya kumi ya wati.

Furber amesimulia kwamba alipoipima chipu hiyo kwa mara ya kwanza, kipimo cha mkondo wa umeme kilionesha sifuri, ingawa chipu ilikuwa ikifanya kazi. Ilibainika kwamba waya wa umeme haukuwa umeunganishwa. Chipu ilikuwa ikiendeshwa na umeme mdogo uliopenya kupitia nyaya za mawasiliano zilizoizunguka.

Novemba 1990 Acorn, Apple na VLSI Technology ziliunda kampuni ya pekee ya ARM, ikiwa na wahandisi 12. Apple ilihitaji kichakataji cha Newton, kompyuta ya mkononi iliyotoka mwaka 1993. Newton haikufanikiwa sokoni, lakini mfumo wa biashara wa ARM ulidumu: kampuni haikutengeneza chipu, bali iliuza leseni za usanifu wake kwa watengenezaji wengine. Mwaka 1997 Nokia ilitoa simu ya 6110 yenye kichakataji cha ARM, na kuanzia hapo sifa iliyotokana na ganda la plastiki ikawa sababu ya usanifu huo kuenea katika simu za mkononi duniani kote.

4.0 Michoro: Sehemu Ngumu ya Safari

Kwa simu ya kupigia na kutuma ujumbe, kazi ya kichakataji ilikuwa ndogo. Hali ilibadilika simu zilipopata kioo kikubwa cha rangi, hasa baada ya iPhone mwaka 2007 na simu ya kwanza ya Android mwaka 2008. Kioo cha simu ya bei nafuu chenye pikseli 720 kwa 1,600 kina pikseli 1,152,000. Kikichorwa upya mara 60 kwa sekunde, kichakataji hutoa pikseli zipatazo milioni 69 kila sekunde. Katika mchezo wa video, kila pikseli huhitaji hesabu ya umbo, rangi na mwanga. Huu ndio Mgunda Mkali wa kifaa cha mkononi.

Njia mbili zilitumika kuuvuka. Ya kwanza inatokana na sheria ya umeme. Nguvu inayotumiwa na transista zinapowaka na kuzimika hulingana na idadi ya mapigo kwa sekunde ikizidishwa kwa mraba wa volteji. Kichakataji kikipunguziwa mapigo kwa sehemu moja ya tano, kwa kawaida volteji nayo inaweza kushushwa. Ikishuka kwa kiasi hichohicho, matumizi yanakuwa 0.8 × 0.8 × 0.8, yaani takriban 0.51 ya yale ya awali. Kasi imepungua kwa asilimia 20, lakini umeme umepungua kwa karibu nusu. Kazi ya michoro inafaidika sana na kanuni hii kwa sababu pikseli moja haihitaji kuisubiri nyingine. Badala ya kiini kimoja chenye kasi kubwa, viini vingi vya kasi ya wastani hugawana kazi. Henry Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 aligawa mizigo yake katika misafara mitano. Mzigo mkubwa uligawanywa ili kila kundi liweze kutembea.

Njia ya pili inahusu umbali. Kusafirisha data kati ya kichakataji na kumbukumbu iliyo nje yake hugharimu nishati nyingi kuliko hesabu yenyewe. Vichakataji vingi vya michoro vya kompyuta za mezani vya miaka ya 1990 vilichora umbo moja baada ya jingine juu ya kioo kizima, vikiiendea kumbukumbu ya nje mara kwa mara. Wasanifu wa PowerVR nchini Uingereza walifuata utaratibu tofauti: kioo kiligawanywa katika vigae vidogo, na kila kigae kilikamilishwa ndani ya chipu kabla ya kupelekwa nje mara moja tu. PowerVR ilitumika katika iPhone ya kwanza. Utaratibu wa vigae ulitumiwa pia na Falanx, kampuni ndogo ya Trondheim, Norwei, iliyonunuliwa na ARM mwaka 2006. Kutoka kwake kilizaliwa kichakataji cha michoro cha Mali, ambacho katika miundo yake mingi kilifanya kazi kwa vigae vya pikseli 16 kwa 16. Faida ya vigae ilikuwa kupunguza safari za kwenda kisimani. Maji yaleyale yalitumika kikamilifu kabla ya kuteka mengine.

Hata hivyo, kikomo kilibaki. Simu haina feni, na mwili wake mdogo unaweza kutoa joto la wati chache tu kwa muda mrefu. Ikizidi hapo, kichakataji hujipunguzia kasi ili kisiungue. Ndiyo maana simu inayoonesha takwimu nzuri katika jaribio la dakika moja inaweza kushuka sana baada ya nusu saa ya mchezo. Mpagazi aligoma kwa kuweka mzigo chini. Kichakataji hupunguza mwendo bila kumwambia mtumiaji.

5.0 Kutoka Simu hadi Kompyuta Mpakato

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba vichakataji vya ARM vinafaa simu pekee. Jaribio la Microsoft la mwaka 2012, Windows RT, lilishindwa hasa kwa sababu programu za kawaida za Windows hazikuweza kuendeshwa humo. Tatizo halikuwa nishati. Lilikuwa mkusanyiko wa programu za miaka mingi zilizoandikwa kwa lugha ya kichakataji kingine.

Novemba 2020 Apple ilitoa kompyuta zenye kichakataji cha M1, kilichobeba viini vya kazi nzito, viini vya kazi nyepesi, kichakataji cha michoro na kumbukumbu ya pamoja katika kifurushi kimoja. MacBook Air ya M1 haikuwa na feni, na programu za zamani zilitafsiriwa na Rosetta 2 ili ziendelee kutumika. Juni 2024 kompyuta za Windows zenye Snapdragon X Elite ya Qualcomm ziliingia sokoni kwa madai yaleyale ya betri kudumu siku nzima. Nidhamu iliyofundishwa na betri ndogo ya simu ilikuwa imehamia kwenye mashine kubwa. Chombo kilichojifunza kutembea nyikani kiliweza kutembea vizuri zaidi katika nchi yenye maji.

6.0 Tabora ya Leo: Nani Anapata Faida?

Mkoa wa Tabora una eneo la zaidi ya kilomita za mraba 70,000, na makazi mengi ya vijijini yametawanyika. Usambazaji wa umeme vijijini umepanuka tangu kuanzishwa kwa Wakala wa Nishati Vijijini kwa sheria ya mwaka 2005, lakini umeme kufika kijijini si sawa na umeme kufika katika kila nyumba ya kila kitongoji. Kwa anayelipia kuchaji simu kwenye kibanda chenye paneli ya jua, nishati ina bei inayoonekana mkononi kila siku.

Katika mazingira hayo ukinzani mmoja unajitokeza. Usanifu uliozaliwa na uhaba unawafikia watu wenye uhaba ukiwa katika hali yake dhaifu. Chipu zenye ufanisi mkubwa hutengenezwa kwa mitambo mipya na ya gharama kubwa, nazo huwekwa katika simu ghali. Simu za bei nafuu, zikiwamo za Tecno, Infinix na itel zinazoonekana katika kila soko la Tanzania, mara nyingi hutumia chipu za mitambo ya vizazi vya nyuma. Kwa kazi ileile ya michoro, chipu ya namna hiyo hula umeme zaidi na hupata joto mapema, na Oktoba, mwezi wa joto kabla ya mvua, hewa yenyewe haisaidii kuipoza. Kwa maneno mengine, mahali ambapo wati ina thamani kubwa zaidi ndipo inapopotea zaidi.

Ukinzani wa pili ulielezwa zamani na mwanauchumi William Stanley Jevons mwaka 1865: injini zilizotumia makaa ya mawe kwa ufanisi zaidi ziliongeza matumizi ya jumla ya makaa, kwa sababu kazi nyingi zaidi zilipata faida ya kufanywa kwa mashine. Betri ya Nokia 1100 ya mwaka 2003 ilikuwa na milliampea-saa 850, yaani wati-saa 3 hivi, na simu hiyo ilikaa siku kadhaa bila kuchajiwa. Simu janja yenye milliampea-saa 5,000 ina takriban wati-saa 19, mara sita zaidi, na wengi huichaji kila siku. Ikitumia wastani wa wati moja, inadumu saa 19; mchezo au video ikipandisha matumizi hadi wati 4, inakwisha kabla ya saa tano. Ufanisi umeongezeka sana, lakini mzigo umeongezeka kwa haraka zaidi.

Mzigo huo haupangwi na mtumiaji. Hupangwa na waandishi wa programu na kurasa, ambao mara nyingi huzijaribu kazi zao kwenye simu bora kuliko za wasomaji wao. Jambo hilo lina uzito kwa sababu huduma za lazima zimehamia mtandaoni. Mhitimu wa kidato cha sita kutoka Kaliua au Sikonge huomba chuo na mkopo wa elimu ya juu kupitia intaneti, ndani ya muda uliowekwa. Picha zinazosogea na mapambo mazito katika ukurasa wa fomu si urembo tu kwake. Ni chaji inayoweza kuisha kabla fomu haijatumwa.

Mifano ya njia nyingine ipo nchini. M-Pesa, iliyoanza Tanzania mwaka 2008, ilijengwa ili ifanye kazi hata kwenye kitochi, na ndiyo sababu iliweza kufika mahali ambapo simu janja hazikuwa zimefika. Kurasa za matokeo ya mitihani za NECTA ni maandishi na majedwali matupu. Hufunguka kwenye simu dhaifu bila kuichosha. Huduma hizi zinaonesha kwamba kubeba mzigo mwepesi ni uamuzi wa usanifu, na kwamba uamuzi huo unaweza kufanywa na taasisi za hapahapa.

7.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba ufanisi wa vichakataji vya ARM haukutokana na mbio za kasi. Ulitokana na uhaba: kwanza wa fedha Cambridge, kisha wa betri katika simu, kisha wa nafasi ya kutoa joto. Vichakataji vya michoro viliupeleka ufanisi huo mbele kwa kugawa kazi na kufupisha safari za data. Kanuni hizo zinafanana na zile zilizoongoza njia ya misafara ya Tabora, ambako nishati iliyobebwa ilikuwa na kikomo kilichojulikana na kila mpagazi.

Tofauti iko kwenye kipimo. Takwimu zinazouza simu na kompyuta hupimwa katika chumba chenye ubaridi, kwa muda mfupi, betri ikiwa imejaa. Kwa mtumiaji wa Tabora, kipimo chenye maana ni kazi inayokamilika kwa kila wati-saa, kwa muda mrefu, katika joto la mahali, kwenye simu ya bei ambayo watu wanaimudu. Wanaonunua vifaa vya shule na ofisi za umma, na wanaounda huduma za mtandaoni kwa wananchi, wanapaswa kuanza na kipimo hicho. Kiongozi wa msafara hakuulizwa watu wake wanatembeaje katika nchi yenye mtama na maji. Aliulizwa kama watavuka Mgunda Mkali.